Maji ya Kwanza ya Odarka Tollefson (1938–2024)

Wasifu huu umeandikwa na familia, na unasomwa na mjukuu wake, Solveig, leo Jumamosi tarehe 13 Januari 2024, ndani ya Uwanja wa Barafu wa Sorley, Saskatchewan, kabla ya safari ya makaburini. Familia inawashukuru wote mliofika katika baridi hii. Inawashukuru pia waliotuma barua juzi kusema kwamba jengo hili halifai kwa mikusanyiko, maana baadhi yao tunawaona hapa wameketi. Karibuni sana. Jeneza limewekwa juu ya mstari mwekundu wa katikati, kama marehemu alivyoagiza, na kwa kuwa mstari huo hauko katikati, walio upande wa jikoni mmebanana kidogo. Sababu yake itaelezwa, vumilieni.

Odarka alizaliwa tarehe 2 Novemba 1938 shambani kwao, kaskazini mwa mji huu, mtoto wa tatu wa Vasyl na Paraska Prystupa. Theluji ya kwanza ya mwaka ilianguka siku hiyo hiyo, mkunga akakwama njiani, na Mzee Vasyl akalazimika kumpokea mwanawe kwa mikono iliyotoka kukamua ng'ombe. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto alikuja amekunja ngumi zote mbili, akingoja mtu wa kuanza naye.

Alikuwa na miaka minane uwanja huu ulipoanza kujengwa. Vita vilikuwa vimekwisha, na serikali ilikuwa ikiuza majengo ya kambi walikofundishwa marubani. Wazee wa Sorley walinunua banda moja la ndege, wakalibomoa ubao kwa ubao, na kiangazi chote cha 1947 wakalivuta mpaka hapa kwa farasi na matrekta. Boriti ile iliyo juu ya saa ndiyo iliyomponda Mzee Vasyl kidole gumba. Odarka alikuwa akiwaonyesha watoto boriti hiyo kila msimu, na kila msimu kidole kilizidi kupondeka.

Siku hizo mji haukuwa na mabomba. Baridi ilipokaza, nyumba zote zilipitiwa kuambiwa zilete maji, na kila nyumba ikaja na ndoo, pipa au birika kutoka kisima chake, ikamwaga humu. Hivyo ndivyo barafu ya kwanza ya Sorley ilivyotengenezwa, na ndivyo ilivyozaliwa desturi tunayoiita maji ya kwanza. Ndoo ya akina Prystupa aliimwaga Odarka, akalowa mpaka magotini, akarudi nyumbani na soksi zilizosimama zenyewe. Bomba lilipokuja mwaka 1958 desturi haikufa. Kila nyumba ilileta japo jagi moja, ikamwaga, ndipo mpira wa maji ukafunguliwa. Wageni walidhani ni mchezo wa watoto, na sisi hatukujisumbua kuwasahihisha.

Alisoma mpaka darasa la nane katika shule ndogo ya kijijini kwao. Mwalimu wake alikataza watoto kusema Kiukraini, darasani na hata uwanjani, na Odarka alipigishwa magoti nyuma ya jiko la kuni mara nyingi kuliko wenzake wote. Lakini mwalimu huyo hakujua kuteleza. Barafuni watoto walipiga soga kwa lugha ya mama zao mbele ya macho yake, naye amesimama pembeni na kofia yake, hawezi kumfikia hata mmoja. Odarka alisema alipenda uwanja huu tangu siku hizo, na kwamba mambo ya michezo aliyapenda baadaye.

Kuteleza alijifunza kwa kusukuma kiti cha jikoni cha mama yake, akavunja mguu wa kiti, akala fimbo. Miaka ishirini baadaye alianza kuwafundisha watoto wa wenzake kwa njia hiyo hiyo, na viti vya jikoni vya mji huu vimevunjika miguu kwa mkono wake kwa karibu nusu karne. Amri yake ilikuwa moja tu: "Shika kiti, tazama mbele, na ukianguka usinilaumu mimi, mlaumu aliyekuzaa." Wengi mlioketi hapa mmeisikia. Meya wetu, Bwana Conrad Belisle, aliisikia akiwa na miaka mitano, na picha yake akilia juu ya kiti cha kijani ipo jikoni hadi leo. Familia ilitafakari kuiweka kwenye karatasi hii ya ratiba, ikaona tuiache kwanza.

Mwaka 1956 aliajiriwa katika kituo cha simu cha mji. Kwa miaka kumi na saba aliketi mbele ya ule ubao wa nyaya, akiunganisha nyumba na nyumba, na haikupita siri Sorley ambayo hakuisikia. Hakuitoa hata moja, jambo lililowaudhi sana shoga zake. Mitambo ya kisasa ilipomwondoa kazini alivuka barabara, akafungua mlango wa jiko la uwanja huu, akafunga aproni, na hakuivua mpaka alipotimiza miaka sabini na nane. Vareniki zake, zile sambusa za kuchemsha zilizojazwa viazi, na supu yake ya njegere vimewalisha wachezaji, waamuzi, wazazi waliogombana na waamuzi, na mchungaji aliyewapatanisha.

Ndani ya uwanja huu aliona mengi. Mavuno yalipozidi maghala mwaka 1970, ngano ilimwagwa humu ndani mpaka ikafika kwenye viti, na watoto wakateleza juu yake kwa makalio. Dhoruba ya Februari 1978 iliposimamisha basi la abiria nje ya mji, watu wote wa basi walilala humu, na mama mmoja akajifungua salama katika chumba cha kuvalia cha timu ngeni. Humu tumechanjwa, tumeoana, tumepiga kura, tumesengenyana katika mikutano ya wazazi, na kila tuliyemzika kwa miaka sabini na sita, chakula chake cha mwisho tulikula hapa. Wanaosema huu ni uwanja wa mpira wa magongo tu hawakuwahi kukaa kwenye foleni ya lile dirisha la jiko.

Tarehe 14 Oktoba 1961 aliolewa na Elwin Tollefson, mkulima, Mlutheri, mtu mpole aliyezungumza pale ilipobidi. Watu wa kanisa la bibi harusi walinong'ona, na wa kanisa la bwana harusi walinong'ona pia. Kwa vile hakuna ukumbi wa kanisa uliotaka kuwapokea wote, karamu ilifanyika humu, juu ya sakafu ya udongo. Hapo ndipo tunafika kwenye habari ya mstari.

Mwezi uliofuata maharusi walipewa kazi ya kupaka mistari kwenye barafu. Elwin alipima nusu ya uwanja akianzia kwenye mbao zinazouzunguka. Odarka alipima kutoka upande wa pili, lakini yeye alianzia ukutani, kwenye njia ya kupitia watu iliyo nyuma ya mbao. Walipokutana hawakukutana. Wakabishana, kila mmoja akaapa kipimo chake ni sahihi, mwishowe wakagawana tofauti na kupaka mstari kati ya alama zao mbili, na mpaka mtu mwingine anagundua, maji yalikuwa yameshamwagwa juu yake na yameganda. Kocha wa Pask, mji jirani, alikuja juu siku ya mechi ya kwanza.

"Mama, mstari wenu umekwenda upande," alisema.

"Umekwenda upande kwa timu zote mbili," Odarka akamjibu kutoka dirisha la jiko, alikojitolea siku za mechi. "Kunywa supu."

Sorley ilishinda siku hiyo, na ikashinda msimu mzima. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuunyoosha. Kila mwaka mtu mmoja hupima kutoka kwenye mbao, mwingine kutoka ukutani, halafu wanabishana kidogo kwa heshima. Ndoa iliyoanza kwa mstari huo ilidumu miaka arobaini na saba, hadi Elwin alipofariki tarehe 3 Mei 2009. Walijaliwa watoto wawili, Marta na Leif.

Tunakuja sasa kwenye ugonjwa wake, na hatuwezi kuueleza bila kueleza mambo mengine, kwa sababu vilikuja pamoja.

Mwezi Agosti mwaka jana madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Walimwambia hatauona mwaka mpya. Mwezi Septemba halmashauri ya mji ilipitisha azimio kwamba paa la uwanja limechakaa, watu wamepungua, na Pask wana uwanja mpya wenye mashine za kugandisha; kwa hiyo kama mpaka tarehe mosi Januari hakutakuwa na barafu humu, jengo litahesabiwa limetelekezwa, na masika litabomolewa. Mwezi Oktoba halmashauri hiyo hiyo ikafunga bomba la maji la uwanja, kwa usalama. Odarka alisomewa habari hizo na Marta akiwa kitandani.

"Kwa hiyo mimi na jengo tumepewa tarehe moja," alisema. "Niletee simu."

Leif alipigiwa wa kwanza, akiwa kwake Calgary. Alimwambia mama yake apumzike, hilo si pigano la mgonjwa. "Leif baba, nitapumzika muda mrefu sana," alimjibu. "Wewe njoo na mapipa." Kisha akaanza na nyumba za mtaa wa stesheni na kushuka nazo, nyumba hata nyumba, kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya nyaya zake. Alizijua zote kwa kichwa, hata zile ambazo walioko ndani hawamjui.

"Haloo. Ni Odarka. Mnaleta maji Jumapili."

"Maji gani tena, Shangazi?"

"Ya kwanza. Na mwaka huu ndiyo ya kwanza mpaka ya mwisho, bomba wamelifunga. Usiniletee jagi. Niletee tangi."

Meya alikuja kumwona nyumbani mwishoni mwa Novemba, na ua mkononi. Tunayasema haya kwa ruhusa yake, aliyoitoa jana, na tunamheshimu kwa hilo.

"Mama Odarka, mimi sina ubaya na uwanja," alisema. "Lile paa likimwangukia mtoto, nani atasimama mbele ya mzazi wake?"

"Paa limekaguliwa lini?"

"Halijakaguliwa. Kumwita mkaguzi si jambo dogo."

"Basi mnalibomoa kwa kulidhania. Conrad mwanangu, kaa. Ulipokuwa unalia juu ya kile kiti, nilikubomoa?"

Meya alikaa. Alikunywa chai, akaondoka bila kofia yake. Kofia tumeileta, ipo jikoni hapa, aichukue akitoka.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba watu walikuja. Walikuja na ndoo, na mapipa ya maziwa, na matangi ya kunyweshea ng'ombe yaliyofungwa nyuma ya malori. Familia zilizohamia miaka ya karibuni, ambazo hazijawahi kushika gongo, zilikuja na masufuria ya kupikia. Kila mtu akamwaga, kama wazee wa 1947. Ila baridi haikuja. Desemba hii mliiona wenyewe, barabara zilikuwa tope na theluji ilikuwa mashimoni tu. Maji yakakaa kwenye sakafu siku baada ya siku. Kuna aliyeandika ubaoni posta kwamba Sorley sasa ina bwawa la bata, na bata wawili wa plastiki wakaonekana wakielea hapo karibu na lango. Denny, mume wa Marta, alikwenda kumwambia mkwewe akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, tumeshindwa. Yanazama ardhini tu."

"Yakizama ardhini yanafanya nini huko chini?"

"Yanaloanisha udongo."

"Na udongo uliolowa ukigandishwa?"

Denny akasema unakuwa mwamba.

"Basi mnalalamika nini. Ongezeni maji. Na hao bata waacheni, wamekuja wenyewe."

Wakaongeza. Jumapili ya pili walikuja nusu yao, Jumapili ya tatu wakaja wachache, na lazima tuseme kweli kwamba hata ndani ya familia walikuwepo waliokuja kwa ajili ya kumridhisha mgonjwa tu. Yeye alikuwa amekonda, hali chakula, anakunywa maji kwa kijiko. Lakini kila asubuhi alimwomba Marta afungue pazia atazame moshi wa jirani unaelekea wapi. Asubuhi ya tarehe 28 Desemba moshi ulipanda wima, dalili ya baridi kali isiyo na upepo. Marta anasema mama yake alicheka kwa sauti, na kwamba hakuwa amecheka tangu Agosti.

Milango mikubwa ya mwisho wa uwanja ilifunguliwa ili baridi iingie, na ikaingia. Safari hii walikuja wote. Maji yalimwagwa kwa zamu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lililoganda lilipokewa na jingine. Bata wa plastiki waliganda pale walipokuwa, na hadi sasa wapo humo ndani, atakayetaka awatazame chini ya lango la kusini. Mistari ilipakwa na Marta na Denny. Vijana walileta kifaa cha kupimia kwa mwanga, mstari ukatoka katikati kabisa. Odarka alipopata habari alituma neno moja, "Rudieni", wakarudia, mmoja kutoka kwenye mbao na mwingine kutoka ukutani, na wakabishana inavyopaswa.

Tarehe 30 Desemba, saa nane mchana, aliletwa humu kwa kiti cha magurudumu, amefunikwa mablanketi, na jagi la maji ya nyumbani kwake mapajani. Mji mzima ulikuwa umesimama pembeni. Meya alikuwepo pia, penye mlango ule. Denny alimsukuma mpaka ukingoni, akataka jagi limwagwe pale. Odarka alikataa. Alisema, "Nisimamishe." Tulimsihi. Akarudia, na waliomfahamu wanajua kwamba mara ya tatu haikuwa ya kungojewa. Akasimamishwa. Akaliweka jagi kwenye kiti, akashika vipini vya nyuma kwa mikono yote miwili, na akaanza kukisukuma kile kiti cha magurudumu juu ya barafu, taratibu, akitazama mbele, kama alivyowafundisha watoto wa mji huu wote na watoto wao.

Sauti ilikuwa ya magurudumu tu. Alifika kwenye mstari mwekundu, akachukua jagi, akamwaga maji yake, akayatazama yakitanda. Kisha akainua uso na kumtafuta mtu mmoja katika umati ule wote.

"Conrad," aliita. "Hii ni barafu au si barafu?"

"Ni barafu, Mama," Meya alijibu, na watu walimsikia.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, mwanawe Marta akiwa amemshika mkono na pazia likiwa wazi. Alikuwa na miaka themanini na mitano. Mwaka mpya aliuona, siku tisa za ziada, na alizitumia kuuliza kama milango mikubwa imefungwa sawasawa. Familia haiwezi kujidai kwamba haina machungu. Tumeumia, na nyumba ni kubwa sana sasa. Lakini hatukuja hapa kumwonea huruma. Yeye hakuwahi kuwa mtu wa kuonewa huruma, na aliyejaribu alipewa ndoo.

Ameacha binti yake, Marta, na mkwewe, Denny Okrainetz. Mwanawe, Leif, aliyekuja na mapipa. Wajukuu watatu, Solveig, Taras na Ingrid. Kitukuu mmoja, Vasyl mdogo, ambaye kiti chake kimeshaandaliwa. Na mdogo wake, Metro Prystupa, wa mwisho kati yetu aliyeliona banda la ndege likisimamishwa. Ameacha pia jiko, masufuria yake, na nyumba zote za Sorley ambazo maji yake yako chini ya miguu yenu. Mumewe, Elwin, alimtangulia, na leo atalazwa kando yake. Udongo wa kaburi umewashiwa makaa na kufunikwa nyasi kavu tangu Jumatano ili majembe yapenye, na tunawashukuru waliokesha wakiuchochea.

Baada ya maziko tutarudi hapa kwa chakula. Vareniki zipo, supu ipo. Saa kumi na moja jioni kuna mechi na Pask, ambayo ilikuwa imepangwa kabla ya msiba. Wageni walipiga simu kwa ubinadamu, wakauliza kama iahirishwe. Marehemu alishalijibu hilo akiwa hai: alisema yeyote atakayeahirisha mechi kwa ajili yake asije kwenye maziko yake. Jeneza litakapoinuliwa, tunawaomba wachezaji wasilete mchanga kwenye viatu, unaharibu barafu.

Halmashauri inasema sasa kwamba barafu ya ndoo haimo katika azimio lake, na italipigia kura jambo hilo Jumatatu hii, tarehe 15, saa moja jioni. Odarka amemaliza zamu yake, na Mungu amlaze pema. Apumzike. Sisi tuna kikao Jumatatu, na kila nyumba ije na jagi lake.